Miguu ya Karani wa Malaba

Daktari wa kliniki ya sukari kule Busia alimwandikia Karani dawa ambayo hakuna duka linaiuza: kukaa. Akae chini miezi mitatu, mguu wa kulia juu ya mto, asiukanyagie hata akienda chooni, atumie magongo. Akikaa, kidonda cha wayo kitafunga. Asipokaa, mguu utakatwa chini ya goti. Mkewe alikuwa amebaki na mavuno, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka, na nilipomwaza Karani amekaa miezi mitatu nilicheka kwa sauti, palepale, nimeshika kadi yake mkononi. Daktari alinitazama kwa mshangao. Aliijua sukari ya mgonjwa wake, hakumjua mtu mwenyewe.

Malaba nzima ilimwita Karani, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Kazi yetu ilikuwa uwakala wa forodha: kuandaa makaratasi ya malori yanayovuka kwenda Uganda, na kuyafuatilia mpaka lori la mwisho livuke. Ofisini tulikuwa na viti vitatu. Kimoja changu, kimoja cha wageni, na cha tatu kilikaliwa na koti lake. Mwenyewe aliweka sahihi akiegemeza karatasi ukutani, au kwenye mlango wa lori, na siku moja ya mvua kwenye mgongo wangu. Chai aliinywa akitembea, kutoka mlangoni mpaka kwenye kalenda na kurudi, na ukimwambia aketi walau amalize kikombe, jibu lake lilikuwa moja.

"Nikikaa nitasinzia. Nikisinzia, lori italala hapa."

Kwake, lori kulala Malaba kwa kosa la karatasi ilikuwa aibu ya nyumbani, kana kwamba mgeni amelala njaa sebuleni pake. Na malori ya Malaba yanajua kulala. Siku nzuri foleni ilifika kwenye vituo vya mafuta tu. Siku mbaya ilipita Amagoro na kuendelea hadi usijue mwisho. Mawakala wengine walikaa ofisini wakingoja madereva wawaletee faili. Karani aliwafuata. Kila asubuhi alianza mkiani mwa foleni, faili kwapani, akigonga milango ya malori kwa ngumi, mara mbili, na dereva aliyekuwa amelala alijua ni nani kabla hajafungua macho wala kusikia ile salamu ya Kiteso.

"Yoga, dereva! Leta hiyo makaratasi nione kabla wale wa kule hawajaona."

Na kosa aliliona. Nambari moja ya kontena ikiwa na tarakimu iliyogeuka, angeishika akiwa bado anasalimia.

Mimi nilitoka Funyula, kwetu Wasamia, nikiwa na cheti cha kompyuta na viatu vya visigino. Siku ya kwanza alinipitisha foleni nzima. Kufika mwisho visigino nilikuwa nimevishika mkononi, soksi zimetoboka, na machozi ya hasira yako karibu. Karani hakunipa pole. Aliingia kwenye kibanda cha mama mmoja, akatoka na ndala.

"Msamia, hiyo kiatu ni ya kanisa. Huku vaa hii."

Basi nikawa Msamia kwake kuanzia siku hiyo. Nilimchukia kama wiki mbili. Baadaye nikagundua kwamba nilikuwa nikiamka mapema ili nimkute bado yuko mkiani mwa foleni, nisije nikakosa anachosema.

Sukari alikuwa nayo tangu zamani, kabla sijamjua. Aliiita mpangaji. "Huyu mpangaji yangu hana fujo," angesema, akimeza kidonge chake kwa maji ya chupa mbele ya watu wote, tena kwa maringo. Ugali alikula wa wimbi, mboga alikula rundo zima, chai bila sukari, na kliniki walimsifu mpaka akawa anatolewa mfano kwa wagonjwa wengine. Wauguzi walisema ni vidonge. Yeye alisema ni foleni. Nadhani yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli, maana kutembea kwake kwa siku moja kungemwua mtu mzima asiyezoea.

Ila alikuwa na ujanja wake. Daktari alipomwambia ale wimbi badala ya mahindi, Karani aliichukua amri hiyo akaifikisha mpaka kwenye chungu cha ajon, pombe ya wimbi ya kwao Wateso, ile ambayo watu hukizunguka chungu kimoja na kila mmoja akavuta kwa mrija mrefu.

"Mzee, hiyo ni pombe," nilimwambia.

"Ni nini iko ndani?"

"Wimbi."

"Daktari alisema nini?"

"Wimbi."

"Sasa wewe na daktari, mimi nimsikize nani?"

Jumapili baada ya misa alikwenda kwenye chungu hicho, na hapo ndipo mahali pekee nilipowahi kumwona ameketi kwa hiari yake. Hakunywa sana. Mdomo wake ulikuwa na maneno mengi mno, mrija ulikaa tu pembeni ukingoja zamu. Lakini aliketi, magoti yakicheza cheza, na baada ya saa moja alikuwa amekwisha kusimama nyuma ya wenzake akibishana nao kutoka juu.

Sukari ya watu wengine ndiyo aliyoijua kama daktari. Dereva mmoja wa Mombasa alikwama kwenye foleni siku mbili, na Karani akamwona anamaliza chupa ya tatu ya soda na kukimbilia kichakani kila baada ya dakika chache.

"Kiu tu, mzee wangu," akasema yule dereva. "Joto la kwenu hili."

"Joto gani, na mvua inanyesha?"

Akachomoa kimashine chake cha kupimia sukari mfukoni, akamdunga kidole palepale kwenye ngazi ya lori. Kimashine kikakataa hata kutoa nambari. Kikaonyesha tu kwamba sukari imepita kipimo. Karani akasimamisha bodaboda, akampakia yule mtu mzima akilalamika, akampeleka hospitali mimi nikifuata nyuma na mfuko wa nguo zake. Kisha akarudi kulilinda lile lori mpaka jioni, amesimama. Yule dereva yuko hai, anatumia dawa, na akipita Malaba mpaka leo hupiga honi mbele ya ile ofisi. Mtu aliyeweza kuona ugonjwa kwa kutazama chupa za soda, kwa nini hakuuona wa kwake ulipomjia? Swali hili limeninyima usingizi wa mchana na wa usiku.

Maana sasa nafika kwenye mwaka wa barakoa, na mwaka huo siwezi kuueleza nikiwa nimetulia. Ninaandika nikiwa nimesimama kwenye kaunta ya ofisi yangu ya sasa, Busia.

Mpaka haukufungwa kwa malori, watu walihitaji kula pande zote mbili. Lakini mwanadamu alipimwa. Ukifika kwenye lango, kijana wa afya alikuelekezea kipimajoto cha bastola kwenye paji la uso, na paji likiwa la moto ulitolewa pembeni, ukaketi hemani, ukangoja majibu ya kirusi siku ambazo hakuna aliyeweza kukuambia ni ngapi. Lori lako likabaki. Mzigo wako ukabaki. Basi watu wa Malaba, ambao hawajawahi kushindwa na kizuizi, walipata dawa ya bastola: kitambaa chenye maji ya barafu. Unakishika kwenye paji la uso mpaka karibu na lango, unakificha mfukoni, unapimwa, unapita. Akina mama wa vibandani waligandisha chupa za maji makusudi kwa kazi hiyo. Mwanzoni Karani aliwatukana waliofanya hivyo. Alisema wanadanganya kipimajoto, hawadanganyi ugonjwa.

Kisha asubuhi moja ya Jumatatu akaja macho mekundu, koti amelivaa. Sikuwahi kuliona koti lile mwilini mwake mchana. Tulikuwa na malori manne ya mbegu za mahindi, mvua zilikuwa zimeanza upande wa pili, na makaratasi ya kwenda Uganda hukamilishiwa ng'ambo, kwa hiyo lazima mtu avuke.

"Mzee, una homa," nikasema.

"Ni baridi tu."

"Umekula?"

"Chakula inakataa. Hata vidonge nimeacha. Sikuli, sasa dawa itapunguza sukari gani?"

Nilicheka. Ilionekana hesabu nzuri. Sikujua, na nadhani yeye pia hakujua, kwamba mwili ukipigana na kirusi hutoa sukari wenyewe hata kama hujatia tonge mdomoni, na kwamba siku ya homa ndiyo siku usiyopaswa kabisa kuacha dawa bila kumwuliza daktari.

"Nipe hiyo kitu, Msamia," akasema.

Chupa ya barafu ilikuwa juu ya meza yangu. Nilikuwa nimeinunua kwa ajili ya kunywa. Nikamwagia kitambaa, nikakikamua vizuri kisichirizike, nikamkabidhi. Nikamsindikiza mpaka karibu na lango nikaona bastola inaelekezwa, kijana wa afya anatikisa kichwa kwamba sawa, na Karani anapita na faili kwapani.

Ukweli ambao mkewe hakuujua, wala daktari, ni kwamba ningeweza kuvuka mimi. Kibali nilikuwa nacho. Kazi niliijua, yeye mwenyewe alinifundisha. Niliogopa. Ng'ambo watu walisemekana wanakufa, na mimi nilikuwa na mtoto mchanga Funyula kwa mama, basi nikampa mzee mwenye sukari kitambaa ili aende badala yangu. Kuwa na mtoto si kosa. Lakini sikusema "niache niende mimi" hata kwa adabu tu, ili anikatalie.

Alitembea kule siku tatu. Malori yote manne yalivuka. Siku ya nne alianguka kando ya gurudumu, akarudishwa kwa gari la wagonjwa, na wiki kadhaa tulizungumza habari zake kwa kunong'ona. Watu walitafuta alikoupata ule ugonjwa. Wengine walisema mirija ya ajon, wengine wakasema ni madereva. Mimi sikutafuta. Nilijua alikoupeleka: ng'ambo, kwa kitambaa changu.

Hakufa. Alitoka hospitali mwembamba, shati linapepea, na mtaa mzima ukasema amepona. Tulichinja kuku. Karani alikula amesimama na tukashangilia hilo kama ushahidi. Lakini vidonge vilevile vilivyomtosha miaka yote havikutosha tena. Sukari ilipanda asubuhi bila sababu, ikapanda jioni, na akaanzishiwa sindano za insulini. Nilimwuliza daktari yule wa Busia inakuwaje mtu apone halafu azidi kuumwa. Alinijibu taratibu, na nikampenda kwa sababu hakuwa na haraka.

"Mwingine kirusi inampitia tu, dada. Kwa mtu wa sukari mara nyingi haiondoki mikono mitupu. Hiyo homa ilipandisha sukari yake juu sana kwa muda mrefu, na haijarudi chini vizuri tangu hapo. Sasa inakula mishipa. Figo tunaangalia. Miguu ndiyo inaniogopesha."

Karani alikuwa ameanza kuipiga piga miguu yake kwa kiganja, kama mtu anayeamsha mtoto.

"Nasikia kama nimevaa soksi," aliniambia. "Na sijavaa."

Tulicheka na hilo pia. Tulikuwa wepesi wa kucheka siku hizo, nadhani kwa kuogopa. Aliendelea na foleni, polepole kidogo, hadi alasiri moja aliporudi ofisini, akavua kiatu ili akikung'ute vumbi, na kizibo cha soda kikaanguka sakafuni. Kilikuwa kimekaa chini ya wayo wake tangu asubuhi, meno juu. Alitembea nacho mpaka mkiani mwa foleni na kurudi. Soksi, safari hii alikuwa amevaa kweli, ilikuwa imelowa damu hadi kisiginoni, na Karani aliitazama akiwa na uso wa mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

Hicho ndicho kidonda. Kilifunga, kikafumuka, kikafunga juu kikioza ndani, miezi na miezi, hadi siku ile ya kliniki ambapo nilicheka.

Wakati huo nilikuwa nimeshahamia Busia. Niliwaambia watu ni kazi, na kazi kweli ilikuwepo, lakini nilihama kwa sababu sikuweza tena kumwona akitembea. Nilikuwa nimejiwekea sharti: mguu ukipona nitamwambia yote, kwamba ningevuka mimi, kwamba niliogopa. Usipopona, sitaweza. Kwa hiyo mguu ule niliuombea kuliko mwenyewe alivyouombea. Nilimpigia simu kila jioni.

"Umekaa, mzee?"

"Nimekaa."

Na nyuma ya sauti yake nasikia breki za malori, honi, na mtu anapiga kelele kuhusu faili.

"Umekaa wapi?"

"Msamia, unaniuliza kama polisi."

Nilimgombeza, nikamlilia, nikampigia mkewe tukamgombeza wote wawili. Aliahidi. Kesho yake honi tena. Nilifikiria kumwandikia daktari aje amfunge kitandani kwa kamba, na sikuwa natania.

Kisha simu zikanyamaza. Sisemi hazikupokewa: siku chache za kwanza mkewe ndiye aliyeshika simu, akasema mzee amelala, kisha akapokea mwenyewe, lakini hakukuwa na honi. Kulikuwa na kuku, redio, na mkewe akiosha vyombo. Jioni ya kwanza sikuamini. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, kuku na redio tu. Nilizunguka ofisi nzima nikiwaambia wateja, hata wasiomjua, kwamba Karani amekaa. Jumamosi nikapanda gari asubuhi nikaenda Malaba.

Kwake ni upande wa Amagoro, mbali kidogo na barabara. Mkewe alinipokea uani, akaniambia karibu, mama, akanipa kigoda, akarudi jikoni haraka bila kunitazama vizuri. Karani alikuwa barazani kwenye kiti cha plastiki, amefunikwa leso kutoka tumboni hadi sakafuni. Alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa ametulia, na mtu yule akitulia anakuwa mzee ghafla, lakini mimi niliona jambo moja tu, kwamba amekaa. Kwangu hiyo ilitosha kuwa kupona. Sikungoja chai. Nikamwambia yote: kibali nilichokuwa nacho, woga wangu, kitambaa, jinsi nilivyokikamua vizuri ili kisichirizike. Nikasema nimengoja mguu upone ndiyo nipate nguvu ya kusema.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mzee."

"Hiyo siku ungenikataza, ningekusikia?"

"Hapana."

"Hapana," akakubali. Akatazama kuku. "Lakini ungejaribu."

"Ningejaribu."

"Haya. Imeisha. Mimi nilikuwa na akili yangu, na nilivuka na miguu yangu." Kisha akaivuta leso pembeni, taratibu.

Mguu wa kushoto ulikuwa sakafuni, ndani ya ndala. Wa kulia uliishia chini ya goti, kwenye bendeji safi.

"Wiki ya nne hii," akasema. "Nilimkataza huyu mama wa jikoni asikuambie kwa simu. Ungekuja ukikimbia barabarani bure."

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nilikuwa nimesimama, nimekaa, nimesimama tena, na mkewe amekuja mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, na hakuna aliyenizuia kulia. Karani ndiye aliyekuwa hana raha na kelele hizo. Alikuwa anajikunjakunja kwenye kiti, akikunja uso.

"Unaumwa, mzee?"

"Haiumi. Inawasha." Akashusha sauti, kwa aibu. "Miaka sikusikia huo mguu, Msamia. Nikikanyaga moto, sikusikia. Sasa wameitoa, ndiyo nasikia. Chini ya wayo, inawasha, mchana kutwa. Mama anasema ni mawazo."

"Wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye hewa tupu mbele ya kiti.

Nikapiga magoti kwenye saruji. Nikapeleka mkono mahali ambapo wayo ungekuwa, nikakunja vidole, nikaanza kukuna.

"Chini kidogo," akasema Karani. Nikashusha mkono. Akafumba macho. "Hapo. Usitoke hapo."